Kata, Nakili, Bandika: Historia ya Njia za Mkato za Kibodi na Amana za Bi Harusi



Leo hatukuja na mitindo ya mashungi wala rangi za mitandio. Tumekuja na historia ya vidole, na mtaona inaanzia kwenye cherehani na inamalizikia kwenye sitara ya bi harusi. Tuvumilieni kidogo.

Sisi ni mafundi wawili tunaoshona nguo za harusi mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Wateja wetu wengi wako huko kwetu visiwani. Vipimo na picha vinatufikia kwa simu, nguo zinashuka Dar es Salaam kwa basi, kisha zinavuka kwa boti. Miaka ya mwanzo hatukuwa na kompyuta. Tulikuwa na madaftari, na kila kilichohitaji kuchapwa, kuanzia orodha ya vipimo, makadirio ya bei, kadi za mwaliko hadi picha za mitindo, tulikipeleka kwenye duka moja la steshenari. Kijana alikaa kwenye kiti, sisi tukasimama nyuma yake tukimsomea.

Siku moja bi harusi mmoja wa Unguja akatupigia. Alikuwa ametutumia picha zake akiwa kichwa wazi, ili tuone shingo na mabega kwa ajili ya mkato wa gauni. Akauliza kwa upole, "Dada zangu, zile picha zangu mlizichapia wapi? Nani kaziona?"

Tukanyamaza. Picha zilikuwa zimebaki kwenye kompyuta ya watu, na vipimo vyake vya kifua na kiuno vilikuwa vimesomwa kwa sauti mbele ya wateja waliokuja kutoa fotokopi. Hakutugombeza. Alisema tu, "Basi, Mungu atusitiri," akaaga.

Maneno hayo yalituuma kuliko matusi. Tukauza mashine moja ya kudarizi, tukanunua kompyuta iliyotumika. Lakini kumiliki si kujua. Barua ya makadirio ya bei ilitula kuanzia Adhuhuri mpaka karibu na Magharibi, mkono mmoja ukihangaika na mausi, kidole kimoja kikitafuta herufi. Shetani akaanza kutunong'oneza turudi kwa yule kijana, kwani pale inachukua dakika kumi.

Aliyetuokoa ni mpwa wetu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kile kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Alikuja wikiendi, akatuangalia, akachomoa mausi akaitia mkobani mwake. "Mama wadogo," akasema, "wiki hii hakuna mausi. Mtafanya kazi kwa vitufe tu." Tulimkasirikia kwa siku mbili. Siku ya tatu tukaanza kuelewa, na tulipoelewa tukataka kujua vitufe hivi vimetoka wapi.

Cherehani na mashine ya chapa ni ndugu

Kibodi ni mtoto wa mashine ya chapa. Mashine ya chapa ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilibuniwa na Christopher Latham Sholes na wenzake katika mji wa Milwaukee, Marekani. Mwaka 1873 walikubaliana na kampuni ya Remington iitengeneze, na mwaka 1874 ikaingia sokoni. Remington walikuwa watengenezaji wa bunduki, lakini walikuwa pia na idara ya cherehani, na idara hiyo ndiyo iliyopewa kazi. Kwa hiyo mashine ile ilitoka kiwandani ikiwa imekaa juu ya meza ya chuma kama ya cherehani, imepakwa maua, na chini ina pedali. Ukimaliza mstari unakanyaga pedali, karatasi inarudi mwanzo. Fundi yeyote angeikalia bila kuuliza.

Mpangilio wa herufi wa Q, W, E, R, T, Y tunaoutumia mpaka leo kwenye kompyuta na simu ulitoka kwenye mashine hiyo. Ila ya kwanza ilikuwa na herufi kubwa peke yake. Mwaka 1878 Remington walitoa toleo la pili lenye kitufe kipya, Shift. Kitufe hiki ukikibonyeza peke yake hakiandiki kitu. Kazi yake ni kubadili kazi ya mwenzake: a inakuwa A. Huyo ndiye mama wa njia zote za mkato. Ctrl na Alt ni wanawe, nao kazi yao kubwa ni kumsubiri mwenzao.

Kisha ikaja hoja ya kasi. Mwaka 1888 katika mji wa Cincinnati yalifanyika mashindano kati ya wapiga chapa wawili. Mmoja, Frank McGurrin, karani wa mahakama, alikuwa amekariri mahali pa kila herufi, akachapa kwa vidole vyote bila kutazama vitufe. Mwenzake, Louis Traub, alitumia mashine nyingine na alikuwa akitazama. McGurrin akashinda wazi, na watu wakaelewa kwamba kasi haitoki kwenye mashine pekee, inatoka kwenye kile mkono ulichokariri. Mafundi tunalijua hilo. Mwanafunzi wa cherehani hutazama miguu yake. Fundi hutazama kitambaa.

Kwetu, kabla ya kibodi

Pwani yetu haikusubiri mashine ili iandike. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na vitabu viliongezeka kwa mikono ya wanakili. Neno lenyewe "nakili" tumelitoa kwenye Kiarabu, na kazi ya mnakili ilikuwa kukaa na kalamu akihamisha kitabu kizima, herufi kwa herufi. Mwana Kupona wa Pate alipomwandikia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, njia ya kumfikia msichana mwingine ilikuwa mtu akariri au mtu aketi anakili. Kule Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha kiwanda cha kupigia chapa vitabu, na kazi ya miezi ikaanza kuwa kazi ya siku.

Baadaye Kiswahili kikaandikwa zaidi kwa herufi za Kirumi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusanifisha maandishi. Hapa tulipata bahati ambayo wengi hatuioni. Kiswahili sanifu hakihitaji nukta wala alama juu ya herufi. Ukiwa na kibodi ya Kiingereza unaandika Kiswahili chote, hata ng'ombe, kwa kuwa ile alama ya juu ipo. Wenye lugha nyingine walilazimika kutengenezewa vitufe vyao. Sisi tulikaa tu tukaanza.

Njia ya mkato nayo si ngeni maofisini kwetu. Kabla ya kompyuta kulikuwa na hati mkato, maandishi ya vistari na nukta yaliyomwezesha katibu kuandika kwa kasi ya mtu anavyosema. Mfumo uliosambaa sana katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza ni wa Isaac Pitman, aliyeutoa mwaka 1837. Mama zetu na shangazi zetu waliosomea ukatibu walikesha nao. Hata katika miaka hii yetu, matangazo ya kazi za halmashauri kwa makatibu mahsusi yamekuwa yakidai mwombaji awe amefaulu hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika moja. Maneno 100! Tukikumbuka kwamba sisi tulikuwa tunamaliza mchana kwa barua moja, tunawainamia vichwa wanawake hao.

Kompyuta zenyewe zilifika Tanzania katikati ya miaka ya 1960, kwenye Wizara ya Fedha, kwa ajili ya hesabu za Serikali. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mlango ulifunguliwa taratibu katika miaka ya 1980 na 1990. Ndiyo maana wengi wa umri wetu tulimaliza sekondari tukiwa tumeiona kompyuta kwenye chumba cha mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa kama maiti. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi, walitoa programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuandika barua kwenye kompyuta inayomsemesha kwa lugha yake.

Mkasi na gundi vilivyoingia kwenye skrini

Sasa tufike kwa kata, nakili na bandika, maneno ambayo ni ya ushonaji kabla hayajawa ya kompyuta.

Zamani mhariri wa kitabu akitaka kuhamisha aya, alichukua mkasi akaikata karatasi, akaibandika kwa gundi mahali pengine. Katikati ya miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto, California, vijana wawili, Larry Tesler na Tim Mott, walipewa kazi ya kutengeneza programu ya kuandikia kwa ajili ya kampuni ya vitabu vya shule. Mott alikwenda kukaa na wahariri akiwatazama wanavyofanya kazi. Tesler naye alimchukua katibu aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, akamweka mbele ya skrini tupu, akamwomba aeleze angependa kuhariri namna gani. Hakumfundisha. Alimsikiliza. Programu yao iliitwa Gypsy, na ndani yake mkasi na gundi vikawa amri za kompyuta.

Tulipolisoma hili tulitazamana. Kumbe mfumo unaotumiwa na dunia nzima, mmoja wa walioulizwa ushauri alikuwa katibu wa kike mgeni kazini.

Tesler alihamia Apple, na kwenye kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983 vile vitufe vinne vikakaa pamoja: Z, X, C na V, safu ya chini kushoto, karibu na kitufe cha amri. X inafanana na alama ya kufuta neno. V imechongoka chini kama ile alama ya kuonyesha neno liingie hapa. C ni ya kunakili kwa Kiingereza. Z ya kutengua imewekwa jirani yao. Mkono wa kushoto unazifikia zote bila kuondoka mahali pake. Microsoft nao wakauchukua mpangilio huo katika miaka ya mwanzo ya 1990, wakatumia Ctrl. Tesler alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 74. Wengi wanaoitumia kazi yake kila siku hawajawahi kulisikia jina lake.

Mwingine ni Susan Kare, mwanamke aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984. Kitufe cha amri cha Apple kilihitaji alama, naye akaipata kwenye kitabu cha alama: mraba wenye vitanzi vinne, ambao Sweden huuweka barabarani kuonyesha mahali pa kutembelea. Kare amewahi kueleza kwamba kuchora kwa vinukta vya skrini kunafanana na kudarizi, kazi aliyokuwa akiifanya kabla. Dada zetu mnaoshona kofia za kiua mtamwelewa mara moja. Unahesabu tundu, unaacha tundu, ua linatokea.

Wa mwisho ni David Bradley wa IBM, mmoja wa waliotengeneza kompyuta yao ndogo ya mwaka 1981. Alitaka njia ya kuiwasha upya mashine ikikwama. Kwanza alichagua Ctrl, Alt na Esc, lakini vyote viko kushoto, na mtu angeweza kuvibonyeza kwa bahati mbaya akapoteza kazi yake. Akabadilisha Esc ikawa Delete iliyo kulia, ili lazima utumie mikono miwili. Hiyo ni busara kubwa. Jambo la kila siku lifanye jepesi. Jambo la hatari liwekee mikono miwili. Tungetamani talaka nazo zingewekewa vitufe hivyo.

Njia za mkato za Uluguru

Hapa Morogoro, asubuhi mapema, utawaona wanawake wa Kiluguru wakishuka mlimani na vikapu vya ndizi na mboga kichwani kuja sokoni. Siku hizi kuna pia karafuu na mdalasini kutoka vijiji vya Matombo na Kinole, harufu inayotukumbusha nyumbani. Barabara ya gari inazunguka, wao wanakata kwenye vijia vya mteremko. Mgeni akiwafuata anateleza, kwa sababu wao wamejifunza kila jiwe wakiwa watoto mgongoni mwa mama zao. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba mengi hupita huko huko. Vijia navyo hupita kwa mama.

Tunalisema hili kwa sababu tulisitasita mwanzoni. Tulilelewa na "haraka haraka haina baraka", na bibi mmoja alituuliza kama kazi ya njia ya mkato ina heri. Jibu letu ni kwamba kuna mikato miwili. Kuna mkato wa anayeruka kazi, kama fundi asiyepinda pindo akagundisha kwa gundi. Huo ni udanganyifu, na nguo itafumuka siku ya harusi. Na kuna mkato wa anayeijua kazi mpaka mkono wake hauhitaji kuzunguka. Huo ni ustadi, na muda unaobaki ni neema utakayoulizwa umeitumiaje. Sisi sasa tunaswali Alasiri kwa wakati wake, hatuiibi kwa sababu barua haijaisha.

Vitufe vya kuanzia

Msijifunze vyote siku moja. Mpwa wetu alitupa kimoja kwa siku, nasi tunawapa vile vilivyotufaa zaidi.

Ctrl na S: kuhifadhi. Kila baada ya sentensi mbili. Tuliwahi kupoteza orodha ya wageni mia tatu umeme ulipokatika, tukairudia usiku kucha.

Ctrl na Z: kutengua ulichokosea. Ukitengua kupita kiasi, Ctrl na Y inarudisha.

Ctrl na C, X, V: nakili, kata, bandika. Tunayo barua moja ya makadirio. Tunainakili, tunabadili jina na bei.

Ctrl na F: kutafuta. Andika jina la bi harusi, vipimo vyake vinakuja, badala ya kufunua madaftari saba.

Ctrl na P: kuchapisha. Hakikisha karatasi hazisahauliki kwenye printa.

Kwenye Excel, Alt na alama ya sawasawa hujumlisha safu nzima. Ctrl na nukta-mkato huandika tarehe ya leo. Kwa daftari la malipo ya awali, hivi viwili vinatosha kumaliza ugomvi.

Kitufe cha Windows na L: kufunga skrini. Hiki ndicho tunachokipenda kuliko vyote. Mlango ukigongwa, kabla hatujasema karibu, vidole viwili vimeshashusha pazia. Mgeni anaona saa na picha ya mlima tu.

Na tahadhari moja. Unachokinakili kinabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta hata baada ya kukibandika. Kwenye Windows za karibuni, kitufe cha Windows na V kinaweza kuonyesha orodha ya vilivyonakiliwa. Kwa hiyo ukitumia kompyuta ya dukani au ya jirani, usinakili namba za siri, na picha zako zifute wewe mwenyewe, hadi kwenye pipa la taka la kompyuta, kabla hujainuka kitini.

Kufundishana

Katika historia ya wanawake wa mwanzo wa Uislamu yumo Bi Shifaa bint Abdillah (r.a.), mmoja wa wanawake wachache wa Makka waliojua kuandika. Yeye ndiye aliyemfundisha Bi Hafsa (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), kuandika, na Mtume alilijua hilo akaliridhia. Mwanamke alimfundisha mwanamke nyumbani, na elimu ikaenea bila sitara kuvunjika.

Bi harusi naye hupewa somo wake, wa kumfundisha mambo ya nyumba yake mpya. Tunaomba masomo na mashangazi waongeze jambo dogo katika mafunzo yao: mwali ajue kuhifadhi nyaraka zake, kutafuta cheti chake cha ndoa kwenye kompyuta, kuandika hesabu ya biashara yake, na kufunga skrini yake. Asimtegemee mtu baki kwa mambo yake ya siri.

Yule bi harusi wa Unguja tulimpigia baada ya miezi. Tulimwomba radhi, tukamweleza kwamba tulirudi dukani tukasimama mpaka picha zake zikafutwa zote mbele yetu, na kwamba sasa kila kitu kinafanywa na mikono yetu miwili miwili. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Dada zangu, mdogo wangu anaolewa baada ya Ramadhani. Nitawatumia vipimo vyake."

Alhamdulillah. Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na nyinyi, duniani na akhera. Wabillahi tawfiq.